Kiko cha Tate na Salamu Maria Kumi

Alhamisi iliyopita Mapendo aliniletea kiko cha tate ndani ya mfuko wa sukari, na kabla hajaufungua nilishajua ni nini. Macho yangu yanaona ya karibu tu, masikio yamebaki nusu, lakini pua bado iko nzima. Nilisikia moshi wa zamani, udongo uliolishwa samli, na mate yaliyokauka ya watu wawili, ya tate na yangu. Nyinyi wa rika langu mliokulia kule bondeni mwa Ruzizi hamhitaji maelezo. Tate ni mama wa mama au mama wa baba, na tate wa siku zile alikuwa na kiko mdomoni kama alivyokuwa na kitambaa kichwani. Vijana wa hapa Uvira wakimwona mwanamke anavuta wanacheka mpaka wanashika magoti. Siku zile ungeanza kumcheka nani?

Mapendo ni mtoto wa mjomba wangu. Tulilelewa kiwanja kimoja kule Runingu, na sasa ni mzee kama mimi, ila ana watoto wa kumsikiliza. Alifika na pikipiki ya kukodi, mavumbi mpaka kwenye kope. Hakuja kunisalimu, hiyo si kawaida yake. Alikuja kwa sababu Jumatatu chefu wa kijiji atakaa kuamua shamba lililo nyuma ya nyumba ya tate, na mimi wananitaka nikarudie mbele ya watu neno moja nililolisema nikiwa mtoto. Neno lile lilimfukuza mtu. Kiko kililetwa kunilainisha, na pia, akasema, ndicho ushahidi.

Basi ngoja nieleze nilivyoanza kuvuta, maana yote yametokea hapo.

Mama yangu alinizaa nyumbani kwao. Hapakuwa na ng'ombe wala mbuzi wa mahari, wala mwanaume wa kuja hata kuuliza mtoto anafanana na nani. Baadaye akapata mume Luvungi, mtu aliyetaka mke bila mzigo, nami ndiye nilikuwa mzigo. Nikabaki kwa tate. Watu waliniita mtoto wa nyumbani, jina tamu masikioni mpaka siku utakapoitwa wewe. Wakati wa kula, Mapendo na ndugu zake walikaa karibu na sahani. Mimi nilikaa karibu na mlango. Samaki akiletwa kutoka ziwani, wao waligawana mgongo, mimi nilipata kichwa, na niliambiwa kichwa kinaongeza akili. Nimekula vichwa vingi sana, na darasa la pili sikulimaliza.

Lakini kitu kimoja nilikuwa nacho mimi tu. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwasha kiko cha tate.

Tate alikuwa na tumbaku za namna mbili, na hapa nifuatilieni. Moja ilitoka sokoni Luvungi, ikishushwa na watu wa milima ya Lemera, nyeusi, imesokotwa kama kamba. Hiyo aliifungia kwenye kikapu chini ya kitanda. Ya pili ilitoka kwa Mama Mudogo. Babu, kabla ya kufa, alikuwa na wake wawili. Tate ndiye mkubwa, na Mama Mudogo alikaa ng'ambo ya ua wa minyaa, yeye na mtoto wake Vumilia, aliyekuwa wa umri wangu. Nyuma ya nyumba yake, mahali ambapo zamani mbuzi walilala, tumbaku ilimea majani mapana kama masikio ya tembo. Kila Jumapili baada ya misa alikuja na fungu lililofungwa katika majani makavu ya mgomba, akapiga goti, akampa tate kwa mikono miwili. Ndiyo ilikuwa desturi ya pale kwetu, mke mdogo alishe kiko cha mke mkubwa. Na mke mkubwa hakuwa na ruhusa ya kukataa. Kukataa tumbaku ya mke mwenzio ilikuwa ni kumwambia mbele ya kiwanja kizima kwamba yeye ni mtu wa sumu.

Tate alipokea. Alisema asante. Halafu aliniita.

"Riziki! Kuya uwashe."

Nilikuwa sijang'oa hata jino la kwanza. Nilichota kaa la moto kwa vidole, nikalirusha mkononi huku na huku, nikaliweka juu ya tumbaku, nikavuta mpaka mashavu yakagusana ndani. Siku ya kwanza dunia ilizunguka, nikaona nyumba inakuja kunilalia. Tate aliinama karibu sana na uso wangu.

"Ulimi iko nzito?"

"Hapana, tate."

"Unaona giza?"

"Kidogo."

"Tumbo?"

"Iko muzuri."

"Basi vuta tena. Umeze moshi, usiuteme."

Kisha akachukua rozari. Alisali Salamu Maria kumi, polepole, kila shanga akaikamata kama anakamua ng'ombe, na macho yake hayakuwa kwenye shanga wala mbinguni, yalikuwa kwangu. Baada ya ile ya kumi ndipo alipokichukua kiko, akapangusa mahali pa mdomo wangu, akavuta akafumba macho.

Mimi nilijua ananiombea. Nilijua hivyo kabisa, kama mnavyojua jina lenu. Hakuna mtoto mwingine pale kiwanjani aliyesaliwa Salamu Maria kumi, yeye peke yake, kila siku mpaka fungu la Jumapili liishe. Niliona pia kwamba tumbaku ya sokoni aliiwasha mwenyewe, bila kuniita na bila rozari. Nikajieleza kwa akili yangu ya kichwa cha samaki: tumbaku ya majani ya mgomba ndiyo ya heshima, na mimi napewa ya heshima.

Siku moja Mapendo alinitangulia. Alikuwa na kaa mkononi tayari, mdomo umekaribia. Tate alimpiga mkono kwa mwiko, kaa likaruka mpaka kwenye majivu.

"Acha! Weye ni mutoto wa kijana yangu. Hii haikuhusu."

"Na Riziki?" Mapendo alilia. "Juu ya nini yeye?"

"Riziki ni Riziki."

Nilimtolea ulimi. Jioni ile yote nilitembea kwa maringo, na yeye akanifuata nyuma akiniita kizee, kizee wa moshi. Sikujali. Nilikuwa nimechaguliwa.

Na kazi ile niliifanya vizuri, wacha nijisifu, kuna vichache vya kujisifia. Tate alinifundisha kiko kama wengine wanavyofundishwa kunyonyesha. Kiko kipya cha udongo kinapakwa samli ndani na nje, kinakaa karibu na moto siku nzima, si juu ya moto. Mara za kwanza unajaza nusu tu, kisishtuke. Ukimaliza kuvuta usikigonge kwenye jiwe, kigonge kwenye kiganja. Kikiwa bado vuguvugu, pitisha unyasi mgumu kwenye mrija mpaka utoke mweusi, halafu mwingine mpaka utoke mkavu. Usikioshe kwa sabuni hata siku moja, utavuta sabuni mpaka ufe. Ule ukoko mweusi unaojijenga ndani, uache uwe mnene kama ganda la haragwe, ndio unaolinda udongo usipasuke. Ukizidi, unaukwangua kwa ncha ya kisu kwa subira, ukizungusha. Uchafu ule wa mrija, mweusi kama lami, tulijipaka miguuni, funza wakakimbia. Mkono wangu mpaka leo unajua hayo kuliko unavyojua kuandika jina langu.

Shule, sasa. Mwalimu alisema nanuka kama jiko. Alinikalisha nyuma, halafu nje ya dirisha, halafu akasema nirudi nyumbani mpaka nitakapoacha kunuka. Nilimwambia tate. Alisema, "Shule itakuwashia kiko?" Tukacheka wote wawili. Nilicheka sana, Mungu wangu, nilifurahi kwamba tunacheka pamoja.

Jumapili moja Mama Mudogo alileta fungu lake, akaenda zake, halafu akarudi. Nadhani alisahau kikapu. Alitukuta tate na mimi mlangoni, mimi nina kiko mdomoni, tate ameshika shanga. Alisimama pale penye ua. Alitutazama mpaka labda shanga ya nne.

"Dada mukubwa, iko unasali juu ya nani?"

Tate aliendelea.

"Minye nakuuliza. Mutoto iko anavuta, weye iko unahesabu. Unangoja nini kwa huyu mutoto?"

Watu walianza kutoka majumbani, mjomba, mke wa mjomba, Mapendo na ndugu zake. Mama Mudogo alikuja mbio, akaning'oa kiko mdomoni. Jino langu la mbele lililokuwa linalegea likatoka nacho. Hakuona. Alikiweka mdomoni mwake vile vile na damu yangu, akavuta mara tatu, moshi ukamtoka puani, akakisukuma kifuani kwa tate.

"Kamata. Angalia, niko nasimama. Hii njo sumu yangu? Kama unaniogopa, uniambie minye, tuko watu wazima. Usitume mutoto wa watu aende kukufia!"

Tate alijibu kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kuuliza chumvi iko wapi.

"Mutoto wa watu gani? Huyu hana wenyewe."

Mama Mudogo alinigeukia, na uso wake ulikuwa umebadilika. Aliinama.

"Riziki, mama. Kuya kwangu. Vumilia iko anakula, muende mukule pamoja."

Sasa sikilizeni ujinga. Lile neno la tate nilikuwa nimelisikia, kila mtu alilisikia, na mimi lilinifurahisha. Huyu hana wenyewe. Nikaona anamaanisha kwamba hakuna mwingine mwenye haki juu yangu, mimi ni wake yeye tu. Na huyu mwanamke amekuja kuharibu kazi yangu, amening'oa jino, sasa anataka kunichukua. Mdomo ulikuwa umejaa damu. Nilimtemea Mama Mudogo usoni.

Hakunipiga. Alipangusa kwa ncha ya kitenge, akaokota kikapu chake akaenda.

Tangu siku ile hakuleta tumbaku tena. Fungu lile la mwisho tate alilining'iniza juu ya jiko, hakulivuta wala hakuthubutu kulitupa. Akarudi kwenye kikapu chake cha chini ya kitanda, akajiwashia mwenyewe. Mimi nikabaki na kusafisha tu. Rozari ilikwenda kwenye msumari. Na hakuna aliyeniambia kwamba mwili nao unazoea. Asubuhi mikono ilitetemeka, mate yalijaa, niliwapiga wenzangu bila sababu. Nilikuwa mtoto mwenye meno ya maziwa na kiu ya mzee.

Kwa hiyo niliiba. Tate alikuwa shambani kwenye mihogo, mchana jua likiwaka. Nilikata kamba ndefu ya tumbaku ya Luvungi, ile nyeusi ya kikapuni, nikajaza kiko mpaka juu, nikaenda nyuma ya ghala, tumbo tupu tangu jana. Nilivuta yote. Kisha nikajaza tena. Nilivuta mpaka miguu ikanikataa, nikaanguka kifudifudi, nikatapika maji ya njano, jasho baridi kama nimetoka mtoni. Mke wa mjomba ndiye aliyepiga kelele. Nilisikia watu wanakimbia, halafu nikajisikia nainuliwa, na nikawekwa mahali laini penye harufu ya mihogo na moshi.

Yalikuwa mapaja ya tate. Sikuwahi kukaa pale. Mapendo alikaa, ndugu zake walikaa, mimi sikuwahi. Mkono wake ulinishika kichwa.

"Riziki. Umevuta ipi? Ya sokoni, ao ya majani ya mugomba?"

Naomba mniangalie pale, mtoto mdogo, midomo ya kijani. Nikisema ya sokoni, mimi ni mwizi, nitapigwa, na kabla ya kupigwa nitateremshwa. Jambo la fimbo sikulifikiria sana. Nilifikiria kuteremshwa.

"Ya majani," nikasema.

Jua halikuwa limeshuka hata kidogo. Mjomba na vijana waliruka ua wa minyaa. Walitoa vyungu nje wakavipasua, wakang'oa mlango, wakashusha nyasi za paa, na tumbaku yote nyuma ya nyumba wakaikanyaga mpaka hewa ikawa kali machoni. Nilisikia neno mulozi, mulozi, yaani mchawi, likitoka hata kwa watoto. Mama Mudogo alipita mbele yetu akielekea njia ya miguu ya kupanda Lemera, chungu kimoja kichwani, Vumilia akimshika nguo. Nilikuwa bado mapajani. Hakumwangalia tate. Aliniangalia mimi, mdomoni, penye pengo la jino. Nimeangaliwa na watu wengi katika maisha haya, hata askari. Sijaangaliwa tena vile.

Mapaja yale yalidumu siku tatu. Ya nne tate aliniambia nishuke, amechoka.

Nilielewa lini? Si siku ile, msinipe akili ambayo sikuwa nayo. Nilikuwa tayari hapa Uvira, nina mtoto wangu mgongoni, kwenye arusi ya jirani karibu na ziwa. Mwenye nyumba alileta pombe ya ndizi. Kabla ya kuwapa wageni alichota kidogo akanywa mwenyewe, kama mnavyojua inavyofanywa, watu waone kwamba haina kitu. Alikunywa, akangoja, akatabasamu. Ulikuwa ni ule mngojo. Nilihesabu bila kutaka, Salamu Maria, Salamu Maria, na kikombe kilipofika kwangu mkono haukufunguka. Kumi. Tate alikuwa ananipimia muda wa kufa.

Tate alifariki mimi nikiwa mtu mzima. Nilimwosha mimi, watoto wa mjomba waliogopa. Kiko akapewa Mapendo, kwa kuwa ni mtoto wa kijana wake, na Mapendo hajawahi kuvuta hata sigara. Mimi nilinunua changu sokoni. Mpaka leo navuta, na daktari ameshanionyesha picha ya kifua changu akatikisa kichwa. Hiyo ndiyo sehemu yangu ya urithi.

Sasa, Alhamisi. Vumilia ameshuka kutoka Lemera na wajukuu wake, mama yake ameshakufa kitambo. Anataka shamba la mama yake, lile la nyuma, penye tumbaku. Mapendo amekaa kwenye kiti changu kizuri, ananieleza.

"Watoto wa mulozi hawana shamba. Na weye njo ulivuta ile sumu, Dada Riziki. Weye peke yako uliyebaki. Useme tu vile ulisema siku ile, basi."

Nilikuwa nimeshika kiko. Mrija ulikuwa umeziba, nikang'oa unyasi kwenye ufagio wangu nikaanza kuupitisha, mikono yenyewe ilianza. Mapendo alifurahi kuona hivyo. Akatoa mfukoni kifungu cha tumbaku, amekifunga, sijui kwa mzaha, katika jani la mgomba.

"Washa," akasema. "Kama zamani."

Nilijaza nusu. Nikachukua kaa jikoni, nikaliweka juu, nikamnyooshea kiko.

"Anza weye."

Alicheka. Halafu akaona sicheki.

"Minye sivutake, unajua."

"Najua. Tate alikupiga mwiko."

Alikiangalia kile kiko kama nyoka, mzee mzima. Hakukigusa. Kaa lilizimika lenyewe, nikamwaga majivu kwenye kiganja.

"Mapendo, ile tumbaku haikuwa na kitu."

"Tumbaku gani?"

"Ya Mama Mudogo. Siku ile nilitapika ya tate, ya kikapuni. Niliiba. Nikasema uongo."

Nje mtu alikuwa anauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, akaita, akapita. Nilitazama uso wa Mapendo nikaona maneno yanaingia, halafu nikaona anayatoa nje tena, moja moja.

"Vumilia amekupa nini?"

"Sijaonana naye tangu siku ile."

"Dada, umezeeka. Kichwa kimechanganyika." Alisimama akavaa kofia. "Jumatatu ubaki nyumbani. Barabara iko mubaya, na hata hivyo, mambo ya shamba ni ya wenyewe. Weye uko mutoto wa nyumbani tu."

Aliondoka. Kiko alikiacha, sidhani kwa huruma, nadhani kwa woga.

Nimekaa nacho siku tatu nikihesabu. Si shanga, Jumapili. Jumapili zote zile nilivuta tumbaku ya yule mama kabla ya mtu yeyote, nikameza moshi kama nilivyoagizwa, nikaamka kila Jumatatu mzima. Tate aliogopa, mjomba aliamini, kijiji kilipiga kelele, na wote hawakujua kitu. Duniani kote palikuwa na mtu mmoja aliyejua kwa tumbo lake mwenyewe kwamba tumbaku ile ni safi. Alikuwa mapajani, akaulizwa.

Kesho ni Jumatatu. Nimeshaongea na kijana wa pikipiki, barabara ikiruhusu tutaondoka mapema. Nitakaa upande wa Vumilia, kama ataniacha nikae. Akinitemea mate usoni, nitapangusa kwa ncha ya kitenge, kama mama yake, halafu nitasema.